Vikwazo vya kwenye gemu vinaua uchumi zamu moja tu, mbona vya kweli madikteta wanavimeza?

#1 Mchezaji wa Usiku
Wakuu, heshima mbele. Wiki nzima nimeshika Japani kwenye Hearts of Iron IV, na kinachonitoa jasho si adui, ni mafuta na mpira. Kila uniti nane za malighafi unazoagiza unalipia kiwanda kimoja cha kiraia, na mzigo wa baharini lazima uwe na meli za kuubeba. Wakikubania, manowari zinalala bandarini na ndege zinabaki mapambo. Civilization V ndiyo usiseme. Bunge la Dunia likishapiga kura kukuwekea vikwazo, misafara yako ya biashara na mataifa mengine imekufa mpaka kura nyingine iifute ile.

Sasa njoo duniani. Castro aliwekewa vikwazo kamili na Marekani 1962, akaja kufa 2016 akiwa mzee wa miaka 90. Saddam alianza kubanwa 1990, akatolewa na vifaru 2003. Akina Kim wanarithishana tu. Hoja yangu: vikwazo ni kiini macho, dikteta haanguki kwa kunyimwa biashara. Anayepinga alete mfano, matusi aache nje.

#2 Nyuki Mkali
Umeshika Japani, na kodi ya chumba umeshika? Endelea mkuu, nipo pembeni nasoma.

#3 Karani Mkuu
Mleta uzi, umechagua mfano unaokuchoma mwenyewe. Marekani ilimfungia Japani mafuta katikati ya 1941, na Desemba 7 mwaka huohuo mabomu yakashuka Pearl Harbor. Vikwazo vilimuuma sana, ila jibu lake halikuwa kurudi nyuma. Kwa hiyo kabla hatujapiga kura hapa, tukubaliane kazi ya vikwazo ni ipi: kumwangusha mtu, kumpunguzia nguvu, au kumleta mezani? Hayo ni mambo matatu tofauti.

Kama unataka aliyeanguka, Idi Amin huyo hapo. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni za Uganda zilitoka kwenye kahawa, na Marekani peke yake ilikuwa ikinunua karibu theluthi. Oktoba 1978 Congress, bunge la Marekani, ikapitisha sheria ya kususia bidhaa za Uganda, Carter akasaini huku serikali yake mwenyewe haikuitaka. Aprili 11, 1979 Kampala imeanguka. Miezi sita tu.

#4 Kagera Kwetu
Karani, nakuheshimu lakini hapo umetukosea watu wa Kagera. Amin kaangushwa na kahawa? Kaangushwa na JWTZ, jeshi letu la Tanzania, na Waganda waliopigana pamoja nao! Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka, yakachukua ardhi yetu mpaka mto Kagera, yakavunja daraja, yakasomba ng'ombe. Mwalimu akatangaza kwamba sababu, nia na uwezo vyote tunavyo. Watu walitembea kwa miguu kutoka Mutukula mpaka Kampala. Sheria imesainiwa Oktoba 10, uvamizi mwezi huohuo. Hiyo kahawa ilimwathiri saa ngapi?

#5 Karani Mkuu
@Kagera Kwetu sijasema kahawa ilibeba bunduki. Fuata hesabu. Kabla ya sheria, kampuni kubwa za kahawa za Marekani zilikuwa zimeanza kujitoa kuanzia Mei 1978, maana wabunge walikuwa wameshapiga kelele. Bei yenyewe nayo ilikuwa inashuka baada ya ile neema ya 1976 na 1977, Brazili ilipopigwa na baridi kali Julai 1975. Amin aliendesha jeshi kwa bidhaa. Ndege za mizigo zilikuwa zinatoka Stansted, Uingereza, zimejaa wiski, redio na vitu vya anasa vya maofisa. Pesa ikipungua, wiski inapungua, na kambini panachafuka. Mwaka 1978 kulikuwa na mgawanyiko jeshini, makamu wake Mustafa Adrisi kapata ajali ya gari yenye maswali mengi, na kikosi cha Simba kule Mbarara kikawa na uasi. Wapo wanaosema Kagera ilivamiwa ili kuyafunika hayo. Ndiyo maana nasema vikwazo vilikuwa ndani ya mnyororo.

#6 Kagera Kwetu
"Wapo wanaosema." Nani? Mnyororo wako una pete nyingi za kukisia. Hata hiyo theluthi ikikatika, theluthi mbili zilizobaki zinanunuliwa Ulaya na kwingineko. Na Gaddafi alimletea askari, walipigwa Lukaya Machi 1979. Mtu mwenye rafiki wa namna hiyo hafi njaa kwa sababu ya kikombe cha kahawa cha Ohio.

#7 Bungoma Halisi
Wacha nichangie kidogo kutoka upande wa pili wa mpaka. Nyinyi mnabishana kuhusu kahawa iliyoandikwa kwenye vitabu vya serikali. Kahawa nyingine haikuandikwa popote. Ilipita Chepkube.

Kwa wasiojua, Chepkube ni soko la mpakani, chini ya Mlima Elgon. Miaka ile ya bei kubwa ilikuwa kama sarafu zinamwagika kutoka mlimani. Babu yangu alikuwa na punda, na alitusimulia mpaka tukachoka: kahawa ya Bugisu inashuka usiku, wanawake wamebeba vichwani, wanaume wana punda, vijana wanakimbia na nusu gunia mgongoni. Mkulima wa Uganda akiuza kwa bodi ya serikali analipwa shilingi isiyonunua chochote, tena akilipwa. Akivuka anapata shilingi ya Kenya papo hapo, na anarudi na chumvi, sabuni, blanketi na sukari. Babu alisema mnunuzi alikuwa anachoma mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kwapa, atoe kahawa ya chini anuse, kwa sababu wengine walikuwa wanachanganya na mawe. Ikishavuka, hiyo ni kahawa ya Kenya, inateremka Mombasa kama nyingine.

Kwa hiyo Mmarekani aliyesusia kahawa ya Amin pengine aliinywa tu, bila kujua.

#8 Nyuki Mkali
Punda mmoja, wajukuu wangapi wamesomeshwa?

#9 Bungoma Halisi
@Nyuki Mkali nyumba ya mabati ya kwanza kijijini ilikuwa yake, tosheka na hilo.

Halafu kuna jambo mmelisahau. Nguvu haiko Washington, iko kwa jirani mwenye bandari. Baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe Julai 1976, Amin akaanza vitisho kwa Kenya. Mapema mwaka huohuo alikuwa ameshadai sehemu ya magharibi ya nchi yetu. Kenyatta akazuia mafuta, akataka madeni yalipwe. Uganda ikakauka. Agosti wakakaa Nairobi, wakapatana. Hakuna Congress, hakuna sheria. Ni mtu ameshika bomba tu.

#10 Mchezaji wa Usiku
@Bungoma Halisi sasa hapo ndipo gemu linapokosea. Hearts of Iron haina Chepkube. Unachagua sheria ya biashara, huria au kufunga kabisa, na kila kipande cha chuma kinatii. Afisa wa forodha hahongeki. Tropico ndiyo inakaribia, maana dikteta ni wewe mwenyewe na una akaunti Uswisi. Kuna amri ya vibali maalumu vya ujenzi: majengo yanapanda bei, sehemu ya ile nyongeza inaingia kwako. Lakini hata huko kisiwa kizima hakina mlanguzi mmoja anayetajirika kukuzidi.

#11 Nyuki Mkali
Uganda waliwaita mafuta mingi. Mtu jana fundi baiskeli, leo anamiliki duka la Mhindi aliyefukuzwa 1972, na sukari anaiuza kwa bei anayoamka nayo. Hao ndio vikwazo viliwapenda.

#12 Mwana Kagunga
Habari zenu. Mmezunguka Uganda sana, njooni ziwani. Sisi wa Kigoma tuliviona vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Burundi kwa macho.

Buyoya alipopindua Julai 1996, mpaka ukafungwa. Mafuta hayavuki, kahawa ya Burundi haishuki, ndege haziendi. Kwenye karatasi. Kijiji chetu cha Kagunga kiko mwisho kabisa wa Tanzania, ukipiga kasia kidogo umeingia maji ya Burundi, mbele yako Nyanza-Lac. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Mwaka ule dagaa aliendelea kuvuliwa, lakini mtumbwi ulikuwa unaelea chini kuliko kawaida. Chini ya nyavu yamelala madumu ya lita 20, yamefungwa vifuniko na mfuko wa nailoni ili yasitoe harufu. Karabai inazimwa mkikaribia. Kazi yangu ilikuwa kunyonya mpira ili petroli ianze kutiririka kwenye pipa la mnunuzi, na ladha ile haitoki mdomoni kwa maji, inatoka kwa mawese. Askari wa upande ule walikuwa wanapokea dumu lao kwanza, kisha wanawasha sigara mbali kidogo na sisi.

Kwa hiyo Mchezaji, jibu lako ni hilo. Dikteta havimezi vikwazo peke yake, anasaidiwa na watu kama mjomba.

#13 Karani Mkuu
@Mwana Kagunga ushuhuda mzuri, ila vile havikuwa vya Umoja wa Mataifa. Viliwekwa na nchi za kanda kwenye mkutano wa Arusha, Julai 31, 1996, siku sita tu baada ya mapinduzi: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia, Zaire. Mwalimu ndiye alikuwa msuluhishi. Na masharti yalikuwa matatu, bunge lirudi, vyama vifunguliwe, na mazungumzo yaanze bila masharti na wote, wenye silaha wakiwemo. Hakuna sharti lililosema Buyoya aondoke kwanza.

#14 Mwana Kagunga
Kanda, UN, dumu lilikuwa lilelile.

#15 Mwana Buyenzi
Amani kwenu ndugu zangu. Mimi nilikuwa upande wa pipa, siyo upande wa dumu.

Nilikulia Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa Waswahili na wa mafundi magari. Vikwazo vilipoanza, gereji zilinyamaza kwa muda, halafu zikapata kazi mpya. Petroli ilihamia barabarani, kwenye chupa za bia, mtoto amekaa kwenye kigoda na chupa nne mbele yake. Bei ya asubuhi si ya jioni. Mwalimu wangu alikuwa anakuja kwa miguu kutoka Kinama, anaingia darasani viatu vimejaa vumbi. Wakubwa walikuwa na kuponi, na kuponi yenyewe ilikuwa inauzwa. Afisa anapata mafuta kwa bei ya serikali, gari lake halitoki nyumbani, ila mafuta yanatoka.

Walioumia ni hospitali na wakulima waliokosa mbolea. Aprili 1997 kanda ikalegeza, chakula, dawa, vitu vya shule na pembejeo vikaruhusiwa. Wenye jeshi hawakuumia.

Lakini nisiseme uongo, Buyoya alitikisika. Septemba 1996 alirudisha bunge na kufungua vyama, mwezi mmoja na zaidi kidogo tangu aingie. Bila Arusha asingefanya haraka vile.

#16 Kagera Kwetu
Bunge gani hilo? Wabunge wengi walikuwa wameuawa, wengine wako uhamishoni. Alifungua mlango wa nyumba isiyo na watu.

#17 Mwana Buyenzi
@Kagera Kwetu ndiyo, ila mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998 vikwazo vikiwa bado vipo. Vilisimamishwa Januari 1999. Mkataba ukasainiwa Agosti 28, 2000, Mwalimu keshafariki, Mandela ndiye amesimama pale. Buyoya kaachia kiti Aprili 30, 2003. Sasa nyinyi wenye hesabu niambieni: ni vikwazo, ni vita vya porini, au ni uchovu wa watu wote? Miye nilikuwepo na sijui.

#18 Karani Mkuu
Na usisahau kwamba Rwanda na Zaire ndizo zilikuwa tundu kubwa kuliko ziwa. Uvira ilianguka Oktoba 1996, vita vya kumwondoa Mobutu vikapita hapohapo mpakani. Nani atakagua lori la mafuta katikati ya mizinga?

#19 Dereva Mstaafu
Vijana shikamooni mnaostahili, marahaba mliobaki. Mnaongelea vikwazo kana kwamba vilianza na Amin. Mimi nilikuwa taniboi wakati wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo.

Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Kizungu kule, alijitangazia uhuru Novemba 11, 1965. Uingereza haikupeleka jeshi, ikapeleka vikwazo, na Tanzania ikavunja uhusiano nayo Desemba ileile kwa hasira, mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Aliyeumia zaidi ya Smith ni Kaunda wa Zambia. Mafuta yake yote yalikuwa yanapita Rhodesia. Mwanzo walimletea kwa ndege, mapipa ndani ya ndege, fikiria gharama. Kisha likaja zamu letu. Dar, Morogoro, Kitonga, Iringa, Mbeya, Tunduma. Barabara ya vumbi kiangazi, masika ni tope hadi kwenye ekseli. Kwenda mapipa ya petroli, kurudi shaba. Kitonga ukishuka na mzigo ule ukasikia breki zimekuwa laini, unaanza kusali kwa dini zote. Magazeti ya wazungu yaliiita njia ya jehanamu, na hawakutia chumvi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofika Ndola, Zambia, 1968 tulipumua, na reli ya TAZARA ikaja kukamilika katikati ya miaka ya 70, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi.

Sasa sikilizeni kituko. Manowari za Mwingereza zilikaa mbele ya Beira, bandari ya Msumbiji, kuanzia 1966 mpaka 1975 kuzuia mafuta ya Smith. Beira ikalindwa kama mboni ya jicho. Mafuta yakapita Lourenço Marques, Maputo ya leo, na Afrika Kusini. Ripoti ya Bingham, uchunguzi wa Waingereza wenyewe, ya 1978 ikaja kuonyesha kwamba Shell na BP ndio walikuwa sehemu ya kuyapeleka. Waingereza wanazuia, Waingereza wanauza.

#20 Mchezaji wa Usiku
Mzee Dereva hii ni kali. Yaani kwenye gemu ni sawa na kuzingira bandari moja huku jirani ameacha ya pili wazi, na wewe mwenyewe ndiye mwenye hisa kwenye meli zinazoingia. Hakuna mtengeneza gemu aliyethubutu kuweka kitufe cha hivyo.

#21 Karani Mkuu
Na Marekani nayo: 1971 Congress ilipitisha kipengele cha seneta Byrd kilichoruhusu kununua kromu ya Rhodesia licha ya azimio la Umoja wa Mataifa. Kikafutwa 1977. Congress ileile ndiyo iliyokuja kusimama kidete kuhusu kahawa ya Amin mwaka uliofuata.

#22 Bungoma Halisi
Kromu hawana mbadala wa karibu, kahawa wanainunua Kolombia. Huo ndio moyo wa mambo. Mtu anasusia asichokihitaji.

#23 Kagera Kwetu
Hapo sawa kabisa. Lakini bado hamjanijibu, Smith naye aliondolewa na nini? Mimi nasema bunduki za wapigania uhuru wa ZANU na ZAPU na Msumbiji kupata uhuru 1975. Mpaka wa mashariki ukafungwa na vita vikaingia kutoka huko.

#24 Dereva Mstaafu
@Kagera Kwetu Msumbiji ilifunga mpaka 1976, na hiyo nayo ni nini kama si vikwazo? Vya jirani, kama alivyosema yule wa Bungoma. Tofautisha basi mwenyewe bunduki inaishia wapi na mpaka unaanzia wapi.

#25 Kagera Kwetu
Mzee nakuheshimu, lakini mpaka bila bunduki ni ile Chepkube ya huyu bwana. Na gharama yake je? Baada ya kumtoa Amin tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Miaka ikapita, mkanda umekaa palepale, tunapanga foleni ya sabuni. Aliyepigana ndiye alikaa kama aliyewekewa vikwazo.

#26 Bint Shangani
Nyie kaka zangu mnaongea mapunda na mitumbwi, mambo yamehama zamani. Siku hizi magendo ni bendera.

2012 mnakumbuka? Ulaya inafunga mafuta ya Iran kuanzia Julai 1, na ghafla meli za mafuta za Wairani zinatembea baharini na bendera ya Tanzania. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia Rais Kikwete. Huku mwanzo ikakanushwa, uchunguzi ukafanyika, Agosti ikakubaliwa: meli 36. Zilisajiliwa na wakala aliyeko Dubai kwa niaba ya mamlaka ya usafiri baharini ya Zanzibar. Usajili ukafutwa. Nilikuwa nafanya kazi ofisi moja ya mambo ya meli hapa mjini, na simu ya siku zile ilikuwa hailali. Nahodha hajawahi kuiona Unguja hata kwenye picha, lakini nyuma ya meli imeandikwa Zanzibar kwa rangi mbichi.

Urusi ndiyo ileile tangu Desemba 2022, walipowekewa kikomo cha dola 60 kwa pipa. Meli kuukuu, jina jipya, bendera mpya, na mnunuzi yuko India au China.

#27 Nyuki Mkali
Sisi tulipata shilingi ngapi kwa hizo 36? Maana lawama tulipata zote.

#28 Bint Shangani
@Nyuki Mkali ada ya usajili, nyingine uliza Dubai.

#29 Mchezaji wa Usiku
Naona sijapata jibu moja, nimepata sita. Jirani, bunduki, mlanguzi, kuponi, bendera, na kipengele cha Byrd. Ila hoja yangu bado imesimama, hakuna aliyeanguka kwa vikwazo peke yake.

#30 Karani Mkuu
Hakuna aliyedai "peke yake", umeliongeza wewe ukurasa wa pili. Mwanzo ulisema kiini macho.

#31 Mwana Kagunga
@Mwana Buyenzi samahani natoka nje ya mada. Kulikuwa na mnunuzi mmoja Nyanza-Lac, mfupi, ana jino la dhahabu, anaendesha Hilux ya bluu. Alichukua madumu ya mjomba kwa mkopo Desemba 1998. Januari vikwazo vikasimamishwa, na yeye akasimamisha deni. Unamfahamu?

#32 Mwana Buyenzi
Hilux ya bluu zilikuwa nyingi, meno ya dhahabu pia. Deni la magendo utalidai wapi, ndugu? Mahakama ya Afrika Mashariki?

#33 Karani Mkuu
Ilizinduliwa Novemba 2001. Dumu lake ni la kabla.